Jazi isiyo na tarumbeta: Misiani, Shirati na kosa langu

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa Dunga, pale ambapo barabara ya kutoka mjini Kisumu hukoma na ziwa likaanza. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mkahawa mmoja wa mabati, nikingoja ngege wangu atoke kwenye mafuta. Kando yangu, kijana mmoja anayebeba wageni kwa mashua kwenda kutazama viboko alikuwa amewasha spika yake ndogo. Magitaa yalikuwa yakifukuzana, besi ikidunda chini yake, na sauti za wanaume zikiimba kwa Dholuo.

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Ilikuwa Shirati Jazz ya marehemu Daniel Owino Misiani. Kijana naye alikuwa na swali lake.

"Jaduong'," akaniambia, "hawa si wanaitwa Shirati Jazz? Sasa jazz yenyewe iko wapi? Sisikii saksafoni, sisikii tarumbeta. Ni magitaa tu na watu wachache. Ama ni jina tu?"

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, tena si kwa nia njema. Leo, msomaji mpendwa, naomba ruhusa nilijibu hapa, maana ndani yake mna historia ya neno, historia ya albamu moja, na deni ninalodaiwa.

Nianze na deni. Mwaka 2002 mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea pendekezo la utafiti. Alitaka kuchunguza nyimbo za Misiani: azinukuu, azitafsiri kwa Kiswahili, kisha aende kumhoji mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa hai na akipiga muziki huku huku Nyanza. Nililisoma pendekezo lile mbele yake kwa dakika kumi hivi, nikalirudisha. Nilimwambia maneno mawili ninayoyakumbuka hadi leo. La kwanza: "Hiyo si jazi." La pili: "Na hicho si Kiswahili." Kijana wa watu akakunja karatasi zake, akashukuru kwa adabu, akaenda kuandika tasnifu juu ya methali. Alipita vizuri. Mimi ndiye niliyeanguka, ila sikujua.

Tuyapime maneno yale mawili, moja baada ya jingine.

Hiyo si jazi, nilisema. Kwani jazi ni nini? Neno lenyewe halikuzaliwa katika muziki. Magazeti ya California, Marekani, yalianza kulitumia mwanzoni mwa miaka ya 1910 katika habari za mchezo wa besiboli, likiwa na maana ya nguvu na uchangamfu. Likahamia kwenye muziki baadaye kidogo. Rekodi ya kwanza iliyotolewa kwa jina hilo, ile ya Original Dixieland Jass Band ya mwaka 1917, ilipigwa na watu watano tu. Watano! Zile bendi kubwa za wanamuziki 15 na zaidi, wenye suti zinazofanana na safu za tarumbeta zinazong'aa, zilikuja kutawala baadaye, katika miaka ya 1930. Kwa hiyo picha tuliyo nayo sisi wengi vichwani, ya jazi kuwa ni jeshi la wapuliza vyombo, ni picha ya kipindi kimoja tu cha historia ndefu.

Na hata mabingwa wa bendi kubwa walijua faida ya kupunguza watu. Louis Armstrong aliachana na bendi yake kubwa mwaka 1947 akaunda kikosi kidogo, All Stars. Alipozuru Afrika mwaka 1960 na kupitia Nairobi, alikuja na kikosi kidogo cha namna hiyo. Duke Ellington aliongoza okestra kubwa karibu maisha yake yote. Lakini Septemba 1962 aliingia studioni na watu wawili tu, Charles Mingus kwenye besi na Max Roach kwenye ngoma, wakarekodi albamu ya Money Jungle. Siku tisa baadaye akarudi studioni kurekodi na John Coltrane, safari hii wakiwa kikundi cha watu wanne. Msikilizaji aliyezoea kumsikia Ellington akiwa nyuma ya ukuta wa tarumbeta alimsikia kwa mara moja akiwa wazi, vidole vyake na mawazo yake. Kiongozi wa bendi akipunguziwa watu, hana pa kujificha.

Huku kwetu neno jazi lilifika kwa njia yake. Tayari tulikuwa na neno "beni", lililotokana na neno la Kiingereza la bendi, ambalo tangu mwishoni mwa karne ya 19 lilitaja ngoma za pwani zilizoiga gwaride na vyombo vya kupuliza vya wakoloni. Kisha zikaja bendi za dansi, nazo zikajiita jazi: Dar es Salaam Jazz mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na nyingine nyingi kama Tabora Jazz, Kilwa Jazz na NUTA Jazz. Upande wa Kongo kulikuwa na African Jazz ya Kabasele na O.K. Jazz ya Franco. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyokuwa ikipiga muziki wa New Orleans. Neno lilipovuka bahari lilibadilisha kazi. Likawa na maana ya bendi ya kisasa ya kuchezea dansi, yenye vyombo vya kununua dukani na jina la kujivunia. Lugha hukopa hivyo. Anayekopa jembe halazimiki kulima shamba la mwenye jembe.

Hapa nikuibie siri ndogo ya darasani. Kila mwaka hutokea mwanafunzi anayedai kwamba "jazi" limetokana na "jaza", eti bendi hujaza ukumbi. Wengine huleta kitenzi "jazi" kinachofahamika na wasomaji wa Biblia, chenye maana ya kulipa mtu mema. Yote mawili hayana uhusiano na neno letu. Ni maneno yaliyokutana njiani yakafanana sura. Hata hivyo dhana ya kujaza imetuharibia masikio. Tunaposikia "jazi" tunatarajia wingi: wingi wa watu, wa vyombo, wa kelele. Ndiyo maana mimi, profesa mzima, nilishindwa kuisikia jazi ya watu wachache.

Sasa turudi ziwani. Ukitaka kuelewa kwa nini muziki wa huku haukuhitaji wingi, muulize mpiga nyatiti. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini kwenye kiti kifupi, vidole vikicheza kwenye nyuzi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ubao wa chombo, njuga za mguuni zikilia, naye anaimba, anasifu, anasuta na kutaja koo za watu. Mtu mmoja ni mwimbaji, mpiga zeze na mpiga ngoma. Hiyo ni bendi kamili iliyoketi kwenye kigoda kimoja.

Vijana wa miaka ya 1960 walipochukua gitaa, waliligawanya zigo hilo kwa watu wachache. Gitaa la solo likachukua nyuzi za nyatiti, likadonoa noti mojamoja badala ya kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja. Besi na dramu zikachukua kazi ya pete na njuga. Sauti ikabaki sauti. Muziki huo ukaitwa benga. Kuhusu asili ya jina hilo wenyewe hawakubaliani: wapo wanaompa sifa John Ogara na vijana wa Ogara Boys, na Misiani kwa upande wake alilihusisha na jina la ukoo wa mama yake. Tuwaachie mzozo wao. La muhimu ni kwamba benga ina tabia moja isiyokosekana. Mwimbaji husimulia kwanza, kisha hunyamaza, gitaa likapokea maneno yake na kuyakimbiza, besi nyuma yake. Mjini Kisumu hapo ndipo watu huacha chupa mezani wakainuka.

Misiani alizaliwa mwaka 1940 maeneo ya Shirati, upande wa Tanzania, katika Mkoa wa Mara wa leo. Alivuka mpaka kuja Kenya, na katikati ya miaka ya 1960 alikuwa ameshaunda bendi yake, ambayo ilibadilishabadilisha majina kabla ya kutulia kwenye hili la Shirati Jazz. Jina lenyewe ni hadithi ya mhamiaji: Shirati ni nyumbani alikotoka, na Jazz ni ulimwengu alioutaka. Watu walimpa jina la utani, Mfalme wa Historia, kwa sababu nyimbo zake zilisimulia mambo ya taifa, ya Biblia na ya wakubwa. Alitiwa mbaroni zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo hizo. Mtu anayeimba na watu kumi na tano nyuma yake anaweza kusema maneno yake yalipotea ndani ya tarumbeta. Misiani hakuwa na kisingizio hicho. Kila neno lilisikika, na waliolengwa walilisikia.

Biashara ya muziki wakati huo ilikuwa ya santuri ndogo zenye wimbo mmoja, za mizunguko 45 kwa dakika. Kila upande ulibeba dakika chache tu. Wimbo wa benga ukawa unakatwa vipande viwili: upande wa kwanza masimulizi, halafu unageuza sahani upate mbio za gitaa. Kizazi changu kinakumbuka kule kugeuza. Tulikuwa tunajifunza kungoja katikati ya wimbo. Albamu nyingi za wakati huo zilikuwa mkusanyo tu wa santuri hizo ndogo, zilizorekodiwa siku tofauti na kuunganishwa baadaye. Miaka ya 1980 ikaja na kanda, na kanda zikaja na wizi wa kunakili, soko la santuri likafa.

Ndiyo maana albamu iliyotolewa Uingereza na kampuni ya GlobeStyle mwaka 1989 ina uzito wake. Inaitwa Piny Ose Mer. Ukiisikiliza leo unakutana na mambo ambayo mimi niliyaita upungufu: magitaa, besi, dramu na sauti, basi. Hakuna safu ya vyombo vya kupuliza kama ile ya bendi za Kikongo zilizokuwa zikitamba Nairobi. Lakini kila mtu anasikika. Unaweza kumfuata mpiga besi peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho kama unavyomfuata mtu mmoja kwa macho akitembea ufuoni.

Kuna jambo mbili katika jalada la albamu hiyo ambazo mwanalugha hawezi kuzipita. Jambo la kwanza ni jina la bendi. Huku nyumbani ni Shirati Jazz. Kwenye jalada lile ni Shirati Band. Neno Jazz limeondolewa. Naona sababu yake si ngumu kubahatisha: mnunuzi wa Ulaya angelisoma neno hilo kwa maana yake yeye, akangoja saksafoni, kama kijana wangu wa Dunga. Neno lilitoka Marekani likafika ziwani likapata maana mpya. Lilipotaka kurudi na maana hiyo mpya likazuiwa mlangoni.

Jambo la pili ni tafsiri. Chini ya Piny Ose Mer kuna kichwa cha Kiingereza, The World Upside Down, yaani dunia iliyopinduka, miguu juu kichwa chini. Dholuo yangu ni ya sokoni, nimeiokota kwa miaka thelathini ya kuishi huku, lakini hata ya sokoni inatosha kuona kwamba sivyo Misiani alivyosema. "Piny" ni ardhi, ni nchi, ni dunia. "Mer" ni kulewa. Alisema dunia imelewa. Au, kwa anayetaka kumfunga, nchi imelewa.

Utaniuliza, kuna tofauti gani? Ipo, tena kubwa. Kitu kilichopinduka huenda kimepinduliwa na mwingine: upepo, gari, adui. Hakina lawama. Lakini aliyelewa amekunywa mwenyewe. Mkono wake ndio uliopeleka kikombe mdomoni. Kauli ya kwanza ni ya majuto, ya pili ni ya shutuma. Tena Kiswahili kinatupa hatua moja zaidi. Tunacho kitenzi "levuka", yaani kutokwa na ulevi. Aliyelewa jioni hulevuka asubuhi, akaona alichokivunja, akaona aibu, akaanza kukiokota. Ndani ya neno kulewa mna tumaini ambalo halimo ndani ya kupinduka, kwani gari lililopinduka halijiinui. Kiingereza kilichagua picha nzuri, sikatai. Ila Kiswahili kingechukua neno kwa neno, "Dunia imelewa", na msomaji wa Mombasa, Bukoba au Bukavu angemwelewa Misiani papo hapo, na shutuma yake na tumaini lake.

Hapo ndipo neno langu la pili kwa yule mwanafunzi linapoanguka chini. "Na hicho si Kiswahili," nilimwambia. Kweli, nyimbo nyingi za Misiani ni za Dholuo. Lakini nani alikuwa na zana bora za kuzitafsiri kuliko sisi? Tumetafsiri Shakespeare, tumetafsiri Molière, na tulifanya vyema. Jirani anayeimba hatua mia mbili kutoka dirishani tukamwachia mtafsiri wa London.

Tena kuna ushahidi mwingine ambao laiti ningeujua siku ile ningefunga mdomo. Mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa santuri za benga alikuwa Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia Bunge. Santuri alizosambaza zilibeba nembo kadhaa, mojawapo ikiwa na jina la Kiswahili, Sungura. Zilifika hadi Zimbabwe, zikapendwa mno. Watu wa huko hawakujua Dholuo wala hawakuhitaji kukijua. Waliuita muziki huo kwa maneno waliyoyakuta kwenye karatasi ya katikati ya santuri: kanindo, na sungura. Hadi leo sungura ni jina la aina ya muziki wa gitaa unaopendwa sana Zimbabwe, unaoimbwa zaidi kwa Kishona. Fikiria jambo hilo. Nyimbo nilizozikataa kwa kuwa si za Kiswahili ndizo zilizolibeba neno la Kiswahili hadi ng'ambo ya mto Zambezi na kuliacha huko likizaa. Sijui ni tasnifu ngapi juu ya methali zimefanya kazi kama hiyo.

Misiani alifariki tarehe 17 Mei 2006, katika ajali ya matatu hapa hapa Kisumu. Nilisoma habari zake gazetini nikiwa ofisini, kwenye kiti kile kile. Jambo lililonijia kichwani halikuwa wimbo. Ilikuwa sura ya yule mwanafunzi akikunja karatasi. Alikuwa na maswali yake tayari, kurasa tatu. Angalikuwa na miaka minne ya kuyauliza. Wimbo gani ulitungwa lini? Aliyepiga besi kwenye santuri fulani ni nani? Neno fulani lilimlenga mkubwa yupi? Leo maswali hayo hayana wa kuyajibu, na aliyeufunga mlango si serikali wala si wezi wa kanda. Ni mimi.

Siandiki haya ili nipewe pole. Wapo wanamuziki wa kizazi kile ambao bado wanapumua, Kisumu, Homa Bay, Migori na Shirati yenyewe. Wapo waliopiga besi na dramu kwenye santuri ambazo jalada lake halikuwataja. Kama wewe ni mwalimu wa fasihi simulizi na mwanafunzi akaja na pendekezo la namna hii, usimuulize tarumbeta iko wapi. Mpe barua ya utambulisho na nauli ukiwa nayo. Kama wewe ni mtunzi wa kamusi, liandike neno jazi pamoja na maana tuliyolipa sisi: bendi ya muziki wa dansi, hata ikiwa na watu wanne. Na kama unajua Dholuo na Kiswahili, kaa chini utafsiri wimbo mmoja tu. Mmoja unatosha kuanzia.

Pale Dunga ngege wangu alipokuja, nilimkaribisha yule kijana tukala pamoja. Nilimweleza kwamba jazz aliyokuwa akiitafuta alikuwa tayari ameisikia, na kwamba siri yake ni uchache ule ule alioulalamikia. Alitafuna kidogo akifikiri. Kisha akaniuliza wimbo ule ulikuwa unasema nini, kwa sababu yeye amekulia Nairobi na Dholuo inampiga chenga. Nilimweleza mistari niliyoielewa. Iliyonishinda, tulimwita mama mwenye mkahawa atusaidie, na alituimbia mpaka mwisho.

Nauliza namba ya simu ya yule mwanafunzi wangu wa zamani. Nimeambiwa anafundisha upande wa Rongo. Nikimpata nitamuuliza kama zile kurasa tatu za maswali bado anazo.